Paa la Plastiki Hadi kwa Mama Mkwe

Tangu nirudi, kila mtu hapa Kisarawe ananiuliza swali moja: ilikuwaje suruali yangu ikawa na madoa ya kijani magotini, madoa yasiyotoka hata kwa mafuta ya taa? Nimechoka kuanza upya kila kibaraza, na kila nikianza hutokea wa kunikatiza kabla sijafika Lamadi. Basi nimeandika. Anayetaka kucheka acheke, lakini afike mwisho.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la tano nikafuata lori la wachimba visima kwa sababu nilitaka kuona maji yanatokea wapi. Tangu siku ile sijatulia. Mambo ya karatasi za gari na nani alinipa kazi kwa barua gani nayaruka, kwa kuwa barua haikuwepo.

Mwanza: mtu ndani ya gari lisilokwenda

Nilimkuta Bwana Masunga katika uwanja wa gereji, amekaa ndani ya gari, pazia limefunguliwa, anakunywa chai. Nikauliza gari lina ubovu gani.

"Gari zima kabisa," akanijibu. "Mimi ndiye sijui kuendesha."

Lilikuwa gari la kulala, yale ambayo Wazungu hutembea nayo. Ndani lina kitanda, jiko la gesi na sinki la kunawia mtu mwenye mikono midogo. Juu lina paa jeupe la plastiki ambalo huinuka upande wa mbele kama kiboko anayepiga mwayo. Wenyewe walitoka nalo kwao, wakachoka nalo Mwanza, wakaliuza wakapanda ndege. Miaka hii ya soko huria kila kitu kina mnunuzi, na mnunuzi wa hili alikuwa Bwana Masunga, karani wa pamba wa zamani. Wanunuzi binafsi walipoingia, chama chake cha ushirika kilipunguza watu, naye akarudishwa nyumbani na kiinua mgongo. Mke wake, Nkwimba, alitaka wanunue mashine ya kusaga. Yeye akanunua nyumba yenye matairi.

Aliponisikia ni Mzaramo alifurahi kama amepata shati lake lililopotea, maana Wasukuma na Wazaramo ni watani.

"Mtani," akasema, "nyinyi huko pwani mnaweza kula sahani moja na mama mkwe. Kwetu siwezi hata kumtazama usoni. Akija njia hii, mimi naingia majanini. Kulala nyumba moja naye ndiyo usiseme. Miaka yote nikienda kwao Ipililo nalala kwenye ghala la pamba, na panya wananijua kwa jina. Nikasema sasa basi, nitakwenda na nyumba yangu mwenyewe."

"Wazo zuri."

"Zuri sana. Usiku wa kwanza ikanyesha, tone likampata mke wangu hapa." Akagusa katikati ya nyusi. "Akafunga mzigo. Akasema siku nitakayompelekea nyumba isiyovuja atarudi. Yuko kwa mama yake."

Tulipanda juu kuangalia. Kulikuwa na nyufa saba, ndogo ndogo, zimekaa karibu na bawaba za mbele kama nyayo za kuku. Alikuwa ameziziba kwa chingamu. Aliitafuna yote yeye mwenyewe, na taya zilikuwa bado zinamuuma.

"Tatizo ni mvua za vuli," akasema. "Zikianza akiwa kule atachukua jembe alime na mama yake. Na ukimjua Nkwimba, akishapanda mbegu haondoki mpaka avune. Hapo nitamkosa mpaka mwakani. Wewe unajua kuendesha?"

Nilijua, kwa kiasi.

Kiloleli hadi Mwamanyili: kisigino juu ya kitanda

Bwana Masunga alikataa kukaa mbele. Alisema mtu hakai nje ya nyumba yake. Alikaa nyuma kitandani, anatazama nyufa, na tukakubaliana agonge ubao ulio nyuma ya kiti changu: mara moja nipunguze mwendo, mara mbili nisimame. Mpaka Kiloleli alikuwa amegonga mara nyingi hata nikadhani gari ndilo linagonga.

Mwamanyili tulisimama kupooza injini. Nikafungua boneti, nikaenda kutafuta maji, niliporudi nikakuta foleni. Wanaume, wanawake, baiskeli, na magunia ya pamba ya mwisho wa msimu. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, kwenye jua lile, akanijia.

"Mwadila," akanisalimu kwa Kisukuma, nami nikaitikia hivyo hivyo. "Mmechelewa. Mizani iko wapi?"

"Mizani ipi, baba?"

"Usinichezee. Nyinyi si wanunuzi?"

"Sisi ni wasafiri tu. Hili ni gari la kulala."

"Wiki iliyopita alikuja mmoja na gari la kubebea maiti, akanunua pamba. Leo wewe na jeupe namna hii unaniambia la kulala!"

Kabla sijamjibu nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna bisi. Jamaa mmoja mwenye haraka zake alikuwa ameshapanda juu na gunia begani ili awe wa kwanza kupakia. Kutoka ndani nikasikia ubao ukigongwa mara mbili, mara nne, mara kumi.

"Kondo!" Bwana Masunga akaniita. "Kuna kisigino juu ya kitanda changu!"

Jamaa akateremshwa. Nyufa saba zilikuwa kumi na moja, na zile za zamani zimerefuka. Nilitegemea Bwana Masunga atapiga kelele. Alitoka, akaona pamba, akasahau. Akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza, akanyambua, akanusa.

"Hii safi. Hii umechanganya na fifi, mama, itenge."

Ukarani wake ukarudi wote kwa pamoja. Tulikaa hapo mpaka saa tisa alasiri, anatenganisha pamba safi na pamba fifi, zile chafu zenye madoa, za watu ambazo hakuwa na nia wala uwezo wa kuzinunua. Wenyewe walimshukuru, "wabeja, wabeja," na yule mzee wa kofia akatupa kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Niliambiwa nitafune polepole. Sikusikia. Nilikata jino kipande.

Lamadi: gundi yenye nywele

Lamadi tulikula sato na ugali mpaka mikanda ikalegezwa. Hapo ndipo fundi redio alipotuona. Alikuwa na rundo la yale maboya meupe, mepesi, yanayozungushiwa redio mpya ndani ya maboksi.

"Hii unaitia kwenye petroli," akasema, "inayeyuka, inakuwa gundi. Plastiki kwa plastiki. Zinapendana."

Mimi nilitaka sana kuona. Akamega, akatia kwenye kopo la petroli, na kweli, kipande kikubwa kama mto wa kulalia kilinywea kikawa uji mzito. Tulipaka paa zima la mbele. Fundi akasema lisiguswe mpaka likauke.

Hatukugusa. Ila lilipita lori la pamba, na upepo wa ziwani haukuambiwa lisiguswe. Manyoya ya pamba yakaruka, yakanasa. Kuku wa jirani nao walikuwa wanaparangana juu ya ukuta, wakachangia. Jioni paa lilikuwa na nywele. Kesho yake pale Dutwa mama mmoja muuza nyanya alilizunguka gari akatuuliza kwa upole kama linazeeka au limeogopeshwa na kitu.

Hilo lingevumilika. Kibaya ni kwamba petroli ililainisha plastiki yenyewe, na barabara ya kwenda Bariadi ina matuta kama mgongo wa mamba. Tulipobandua kipande cha gundi kuangalia, tukaona nyufa zimetembea chini kwa chini kama mishipa ya mkono wa mzee. Na harufu ya petroli ilimfanya Bwana Masunga akataze kuwasha jiko, hivyo siku mbili tulikula michembe na karanga tu. Yaliyotokea tumboni nayaacha.

Bariadi: msumari mmoja

Bariadi tuliingia na pancha. Wakati tairi linazibwa tulikwenda kula wali, na Bwana Masunga akamwomba fundi wa jirani atazame paa. "Kutazama tu," alimwambia. Fundi yule alikuwa fundi wa mabati. Tuliporudi tulimkuta juu, bati limeshalazwa, nyundo hewani.

"Plastiki siyo paa!" alitupigia kelele kwa furaha. "Paa ni bati!"

Alikuwa amepigilia msumari mmoja. Ulitokea ndani ukasimama sawasawa juu ya mto wa Nkwimba.

Bwana Masunga aliketi kwenye kreti la soda. Nikamwambia ni msumari mzuri, haujapinda. Hakucheka. Sokoni watu walikuwa wananunua majembe na mbegu, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamekaa kama ng'ombe wanaocheua, hayaendi wala hayaondoki. Mama muuza mboga kavu akatuambia mvua haivuki kesho kutwa.

"Twende hivyo hivyo," akasema Bwana Masunga. "Kama atakataa, akatae akiniona."

Kisha akamnunulia mkewe zawadi, beseni la kijani la plastiki lenye maua chini, jipya, linang'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu. Siku hizi yamejaa kila duka. Alilishika mapajani njia nzima ya Maswa kama mtu aliyebeba mtoto.

Ipililo: maneno yote yapitie kwangu

Mamake Nkwimba, Bibi Minza, ana uwanja mpana uliofagiliwa, zizi la ng'ombe, na lile ghala la pamba nililokuwa nimelisikia sana. Tulimkuta amekaa mkekani akishona kibuyu cha maziwa kilichopasuka. Alipoona gari na kujua limemleta nani, aligeuka akatupa mgongo. Bwana Masunga naye alikuwa ameshateremka upande wa pili akajibanza nyuma ya tairi. Nimewahi kuona watu wakikimbiana kwa chuki. Hawa walikimbiana kwa heshima, na walikuwa na kasi zaidi.

Nkwimba alitoka ndani, mrefu, mikono imefungwa kifuani. Jembe jipya lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Mumewe alilitazama jembe kabla ya kumtazama mke.

"Shemeji," Nkwimba akaniambia mimi, "muulize huyo aliye nyuma ya tairi, nyumba yake inavuja?"

"Baba, unaulizwa—"

"Nimesikia. Mwambie kidogo."

"Anasema kidogo."

"Muulize zile nywele ni za nini."

Nikaeleza mimi, kuanzia chingamu mpaka msumari. Nilipofika kwa fundi redio mgongo wa Bibi Minza ulianza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mtani," akasema bila kugeuka, "mmeziba nyufa. Nani alizikata miguu?"

Akanionyesha kibuyu chake. Kila ufa, kwenye ncha yake, alikuwa ametoboa tundu dogo la mviringo. Ufa unafika kwenye tundu unakoma. Bila tundu, alisema, utashona leo na kesho ufa uko mbele ya sindano yako. Mafundi wa barabara nzima hawakujua jambo lile, na mimi nililipenda mno hata nikamwomba anionyeshe mara tatu.

"Nitalishona," akasema. "Lakini sipandi juu ya kitanda cha mkwe wangu. Literemsheni."

Basi tukafungua nati, tukalitoa paa, tukalikwangua gundi na nywele, tukalilaza uwanjani kifudifudi. Bwana Masunga alikwenda kukaa nyuma ya ghala, na mama mkwe akaanza kazi. Alichoma msumari wa Bariadi kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akakata miguu ya nyufa zote. Kisha akatoboa pembeni mwa kila ufa akaushona kwa uzi wa nailoni wa nyavu. Ikabaki kuziba juu.

"Hapa panataka plastiki ya kuyeyusha. Dumu bovu, beseni bovu."

Hapakuwa na dumu bovu wala beseni bovu. Nkwimba alikuwa ameshika zawadi yake, ile yenye maua chini, niliyomfikishia mimi. Aliigeuza, akaitazama, akatazama upande wa ghala ambako kisogo cha mumewe kilikuwa kimejitokeza. Akaweka beseni chini, akalikanyaga kwa kisigino. Likapasuka mara mbili.

"Sasa ni bovu," akasema.

Nilishika vipande magotini mwangu huku Bibi Minza akiviyeyusha kwa kisu cha moto na kuvisugua juu ya mishono. Ndiyo habari ya suruali.

Jioni paa lilikuwa na makovu ya kijani kumi na mawili, ukihesabu na la msumari. Mimi nikaona tumemaliza. Bibi Minza akaniona mjinga. Kibuyu kilichoshonwa hakiaminiwi mpaka kijazwe na kikae. Asubuhi tukaligeuza paa chali, likawa kama hori kubwa, tukalijaza maji ndoo kwa ndoo mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna arusi. Nkwimba akaweka alama kwa mkaa mahali maji yalipofika.

"Yakishuka chini ya hapa," akaniambia, "mwambie aende zake na nyumba yake."

Tukaingia kula. Tuliposikia mlio wa kunywa, tulichelewa. Ng'ombe wote wa zizi, waliokuwa wakipelekwa mbali kutafuta maji tangu kiangazi kianze, walikuwa wamepanga midomo kulizunguka paa kama wageni wa heshima.

"Yameshuka!" akasema Nkwimba, anakimbia na fimbo.

"Mwambie ni ng'ombe!" akalia Bwana Masunga kutoka nyuma ya ghala.

"Mwambie ng'ombe wamekunywa kiasi gani, na paa kiasi gani!"

Nikaulizwa mimi. Mimi nitajuaje? Nkwimba akakimbilia ng'ombe walioanza kuingia shambani, na hapo hapo upepo wenye vumbi ukaja, na mawingu yaliyokuwa yakicheua siku tatu yakasimama.

Gari lilikuwa wazi kama sufuria. Tulimwaga maji yaliyobaki, Bwana Masunga na mimi tukanyanyua paa juu ya vichwa vyetu, mimi mbele, yeye nyuma. Hatua kumi, upepo ukalitia mkono chini, likataka kuruka. Nikasikia miguu inakimbia. Bibi Minza, aliyeona kazi ya mikono yake inakwenda kuvunjikia zizini, alikuwa ameingia chini akadaka ukingo wa nyuma, bega kwa bega na mkwe wake.

Mvua ikateremka yote. Hapakuwa na wa kuachia.

Bwana Masunga alifumba macho. Bibi Minza akavuta khanga mpaka puani akatazama upande wa zizi.

"Mtani," akasema, "mwambie mkwe wangu ainue upande wake. Mimi ni mzee."

"Baba, inua."

"Mwambie nimeinua."

"Anasema ameinua."

"Mwambie zaidi."

"Mwambie mikono yangu imeishia hapo!"

Walikuwa wameachana kiasi cha kiganja. Nilipeleka kila neno, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Nkwimba akarudi mbio, amelowa chapachapa, akainama akaingia naye. Alipapasa kovu la kwanza kwa kiganja, akakitazama, akapapasa la pili. Sisi tumelishikilia paa, mvua inapiga kama inadai mlango, yeye anakwenda kovu kwa kovu. La kumi na mbili, lile la msumari, alilitazama muda mrefu kuliko yote.

"Mama," akasema, "pakavu."

"Ulitegemea nini?" akajibu Bibi Minza, amekasirika.

Ndipo Nkwimba alipotuona vizuri tulivyokaa. Akaanza kucheka, akashindwa kusimama, akamshika mumewe kiunoni asianguke. "Baba Kulwa! Umenunua gari ili usikae chini ya paa moja na mama!"

Bwana Masunga akafumbua jicho moja kwa bahati mbaya, akalifumba.

Mvua ilipokatika, Bibi Minza alitoa hukumu kabla ya mtu kuuliza. Nyumba ni kuta, alisema, na pale hapakuwa na kuta. Kwa hiyo hakuna aliyemkosea mwenzake, na mtani asiende kusimulia. Mtani amesimulia. Hiyo ni haki yangu.

Paa halikuvuja tone. Gari, lililokuwa halina paa, lilijaa maji mpaka kwenye sinki, na godoro likawa zito kama ndama. Bwana Masunga alilala ghalani na panya wake. Alfajiri wanawake wote wa Ipililo walikuwa wanakwenda kupanda. Nilimwona Nkwimba akitoka, akachukua jembe jipya mlangoni, akaliweka begani. Bwana Masunga naye aliona, kutoka kwenye mlango wa ghala, amejaa pamba kichwani.

Nkwimba alivuka uwanja mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma.

"Shemeji, muulize mwenye nyumba," akasema, "jembe linakaa wapi humu?"

Kurudi

Tulingoja siku mbili godoro likauke. Wakati wa kuondoka Bibi Minza alitupa mgongo kwa heshima zote, na mkononi, bila kugeuka, akaninyooshea kibuyu cha maziwa mgando "kwa yule".

Nkwimba alikaa mbele nami, anauliza kila kidude cha gari kinafanya nini. Bwana Masunga alikaa nyuma chini ya makovu yake ya kijani. Karibu na Maswa ilianza kunyesha tena. Ubao nyuma ya kiti ukagongwa mara mbili, nikasimama.

"Kondo!" akaita. "Mwambie mke wangu hakuna tone!"

Nkwimba alikuwa amekaa mbele ya ubao ule ule. Akageuka, akagonga upande wake mara moja.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na mwambie mashine ya kusaga nayo ingekaa hapo penye sinki."